Paka anayeng'ata ana la kusema

Jamani wafuga paka wenzangu wa Dar, msimpige paka akiwang'ata. Chausiku wangu hapa Sinza anapenda mno kupapaswa, ila akishatosheka hugeuka na kuung'ata mkono uleule. Dalili huja mapema: mkia unaanza kupigapiga, masikio yanalala nyuma, ngozi ya mgongoni inatetema. Nikiona hivyo natoa mkono, namwacha. Basi.

Watoto wa paka ni habari nyingine. Kucheza na ndugu zao ndiko kunakowafunza kupima nguvu ya meno, kwa hiyo anayetengwa na mama yake kabla ya wiki 8 mara nyingi hulikosa somo hilo. Nanyi mnaowachezesha kwa vidole, tafadhali, tumieni kamba yenye kitambaa. Kumpiga humtia hofu tu, na paka mwenye hofu hung'ata zaidi.

Paka mpole akianza kung'ata ghafla, huenda ana maumivu: jino, sikio, kiungo. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo. Na mtu aking'atwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali hata kama ni tundu dogo tu, maana kichaa cha mbwa huambukizwa na paka pia.