Kutoka Debian 8 hadi 12 ndani ya mashine pepe: ghala la Kibirizi, Agosti 2024

Mfumo wa ghala lile la mawese na dagaa, jirani na Kibirizi mjini Kigoma, ulikuwa ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu inayotembea ndani ya nyingine) ya VirtualBox kwenye kompyuta ya mezani ya Ubuntu yenye RAM ya GB 8. Humo ndani kulikuwa na mfumo endeshi wa Debian 8, kerneli (kiini cha mfumo endeshi) 3.16, lugha ya programu PHP 5.6 na kanzidata ya MySQL 5.5. Kwa kazi ya hapohapo haukuwa na tatizo: karani anaingiza boti iliyofika, madumu mangapi ya mawese, magunia mangapi ya dagaa, anatoa stakabadhi. Jambo lilibadilika Agosti 2024, mwenye ghala alipotaka tawi la Kasulu liingize mizigo kwenye mfumo huohuo kupitia intaneti. Debian 8 iliacha kupata viraka vya usalama vya LTS (msaada wa muda mrefu) tarehe 30 Juni 2020. Mfumo uliokaa miaka minne bila kuzibwa matundu hauanikwi nje, na nilimwambia mzee hivyo waziwazi. Akasema, “Haya fundi, fanya unavyojua. Ila Jumatatu asubuhi karani akute kazi yake.”

Tulianza Ijumaa jioni ghala lilipofungwa. Kabla ya kugusa chochote tuliizima mashine pepe kwa utaratibu, kwa `shutdown -h now`. Hatukuchagua ile njia ya kufunga dirisha na kuhifadhi hali. Kopi ya mashine inayotembea inabeba kanzidata iliyo katikati ya kuandika, na ukiirudisha unaweza kukuta majedwali yamevunjika. Ilipozimika tukanakili faili lote la `.vdi` kwenye diski ya nje na kulinganisha `sha256sum` (alama ya utambulisho wa faili) za mafaili yote mawili. Kisha kwa `VBoxManage clonevm` tukazalisha mashine ya pili, na kazi yote ikafanyika kwenye hiyo ya pili. Ya asili ilibaki ilivyo, na Jumamosi karani aliitumia kama kawaida.

Wapo mafundi wanaotegemea snapushoti (picha ya hali ya mashine unayoweza kuirudia) peke yake. Sikubaliani nao. Snapushoti ya VirtualBox ni faili la tofauti linaloegemea diski ya msingi; diski ya msingi ikiharibika, snapushoti zote zimekwenda nayo. Tulizitumia, lakini kwenye kopi tu, moja kabla ya kila hatua, mashine ikiwa imezimwa. Pia tulichungulia nafasi ya diski ya Ubuntu kila mara, kwa sababu kila hatua inaandika upya sehemu kubwa ya mfumo na faili la tofauti linavimba kwa gigabaiti kadhaa.

Kadi ya mtandao ya kopi tuliitoa kwenye hali ya daraja (mashine pepe inaonekana kwenye mtandao wa ghala kama kompyuta nyingine yoyote) tukaiweka NAT (inatoka nje kupitia kompyuta mwenyeji). Hivyo iliweza kupakua vifurushi, lakini hakuna kompyuta ya ghalani iliyoweza kuifikia. Faida yake ilionekana baadaye.

Kazi moja tuliimaliza ndani ya Debian 8 yenyewe. Programu ya ghala iliandikwa kwa amri za PHP za `mysql_connect` na `mysql_query`, ambazo PHP 7.0 iliziondoa kabisa. Bahati nzuri `mysqli`, mbadala wake, ipo tayari kwenye PHP 5.6, kwa hiyo tulibadilisha msimbo, tukaujaribu kwenye mazingira yaleyale ya zamani, ukafanya kazi, ndipo tukaendelea. Ukibadilisha msimbo na mfumo endeshi kwa pamoja, kitu kikigoma hujui umlaumu nani. Guest Additions, viongezo vya VirtualBox vinavyowekwa ndani ya mashine pepe, nazo tuliziondoa, maana moduli zake za zamani hazijengeki kwenye kerneli mpya, na seva isiyo na dirisha haizihitaji.

Debian haikubali kuruka matoleo. Hati za ndani ya kila kifurushi zimejaribiwa kupanda kutoka toleo moja nyuma tu, kwa hiyo njia ilikuwa 8, 9, 10, 11, 12.

Hatua ya kwanza ndiyo iliyokula muda. Matoleo ya 8 na 9 hayapo tena kwenye hazina za kawaida za vifurushi, yamehamishiwa `archive.debian.org`, na `sources.list` (faili la anwani za hazina) lazima iseme hivyo. Ufunguo wa saini wa toleo la 8 ulipitwa na wakati Novemba 2022, lakini `apt-key list` ilituonyesha kwamba ufunguo wa toleo la 9 umo na bado ulikuwa hai. Hili ndilo linalofanya viraka vya mwisho vya kila toleo viwe muhimu kabla ya kupanda: ndivyo vinavyoleta funguo za toleo linalofuata. Hazina ya usalama iliyohifadhiwa ina tarehe ya ukomo iliyopita, na apt, programu ya kupakua na kusakinisha vifurushi, inaikataa. Tulipitisha `-o Acquire::Check-Valid-Until=false` kwenye amri yenyewe badala ya kuiandika kwenye mipangilio, ili isisahaulike humo. Kuzima ukaguzi wa saini kwa `trusted=yes` ni jambo jingine, na hatukulifanya.

Upakuaji tuliutenga na usakinishaji: `apt-get -d dist-upgrade` kwanza, usiku, bando likiwa nafuu. Mtandao ukikatika wakati wa kupakua hakuna hasara, unaendelea pale ulipoishia. Umeme ukikatika dpkg (kisakinishi chenyewe) ikiwa katikati ya kubadilisha libc (maktaba inayotegemewa na karibu programu zote) ni habari nyingine. UPS ya pale ilibeba kompyuta dakika ishirini hivi, haitoshi hatua nzima, ila inatosha kuzima kwa heshima na kurudi kwenye snapushoti. Amri zenyewe tuliziendesha kwenye skrini ya mashine pepe badala ya SSH (kuingia kwa mbali): `apt-get upgrade`, kisha `dist-upgrade`. Ilipouliza kuhusu mafaili ya mipangilio tuliyokuwa tumeyahariri, tulibakiza ya kwetu. Lile jipya linaachwa pembeni kwa mkia wa `.dpkg-dist`, unalilinganisha kwa utulivu baadaye.

Ikakwama kwenye `/boot`, mahali zinapokaa kerneli. Ilikuwa sehemu ya peke yake yenye MB 236 tu, imejaa kerneli za zamani, na initrd (faili la kuwashia mfumo) mpya haikupata pa kukaa. Tulifuta kerneli zote isipokuwa ile iliyokuwa inatumika, tukabadilisha `MODULES=most` kuwa `MODULES=dep` kwenye `initramfs.conf` ili initrd ipungue, kisha `dpkg --configure -a` ikamalizia.

Baada ya kuwasha upya, kivinjari kilionyesha msimbo wa PHP kama maandishi matupu, na nenosiri la kanzidata likiwa mstari wa nne. Moduli ya php5 ilikuwa imeondoka na ya 7.0 haijawashwa, basi Apache, seva ya wavuti, inagawa faili kama lilivyo. `a2enmod php7.0` na kuwasha upya Apache kulimaliza hilo. Kama mashine ingekuwa bado kwenye hali ya daraja, yeyote kwenye mtandao wa ghala angeliona nenosiri lile.

Toleo la 9 pia linaondoa MySQL 5.5 na kuweka MariaDB 10.1 (kanzidata ya ukoo wa MySQL), na hapo hakuna kurudi nyuma: mafaili ya data yakishapandishwa, MySQL ya zamani haiyasomi tena. Kinachokurudisha ni dampo (nakala ya data kama maandishi) la `mysqldump`, ambalo tulilichukua kabla. Mtu asidanganyike na `--single-transaction`. Inalinda majedwali ya aina ya InnoDB peke yake, na nusu ya majedwali yetu yalikuwa ya aina ya MyISAM. Tuliifunga programu kwanza ili asiandike mtu.

Kwenda 10 kulikuwa kwepesi upande wa vifurushi. Kwa kuwa faili la `70-persistent-net.rules`, linaloshikilia jina la kadi ya mtandao, halitegemewi tena kuanzia hapo, tuliliondoa na kubadilisha `eth0` kuwa `enp0s3` kwenye `/etc/network/interfaces` kabla ya kuwasha upya. Taabu ilikuwa kwenye kanzidata: MariaDB 10.3 ina hali ya ukali. Boti iliyoleta dagaa tu, karani huacha nafasi ya madumu wazi. MySQL 5.5 ilikuwa inageuza uwazi huo kuwa sifuri kimyakimya, 10.3 inagoma na kusema thamani si sahihi kwa safu ya namba. Ukali unaweza kuzimwa kwa `sql_mode`, lakini kanzidata ya mahesabu isiyokataa takwimu mbovu ni hatari, hivyo tukaiacha na kurekebisha fomu kwa `(int)`, inayogeuza thamani kuwa namba kamili.

Kwenye 11, mstari wa usalama wa `sources.list` hubadilika kutoka `buster/updates` kuwa `bullseye-security` (buster ni jina la toleo la 10, bullseye la 11). Basi.

Toleo la 12 lilileta kerneli 6.1 na PHP 8.2, na kila kitu kikafunguka bila kosa lolote kwenye skrini. Hata hivyo tulichapa ripoti ya Julai kwenye mashine zote mbili, ya zamani na mpya, tukaziweka mezani. Dada karani, anayezijua namba zake kwa kichwa, ndiye aliyesema, “Wastani wa madumu kwa boti umeshuka, hii siyo yetu.” Ripoti ilikuwa inaruka boti zisizo na mawese kwa sharti `$madumu == ""`. Tangu tuweke `(int)` thamani hiyo ilikuwa 0, na hadi PHP 7.4 `0 == ""` ni kweli. Kuanzia PHP 8 si kweli. Boti za dagaa zikahesabiwa kuwa zimeleta madumu sifuri, wastani ukaanguka. Sharti likawa `$madumu === 0`, ripoti zikalingana hadi shilingi ya mwisho.

Jumapili mchana tulichukua dampo jipya kutoka mashine ya asili, la kanzidata ya ghala peke yake. Kanzidata ya ndani inayoitwa `mysql` haihamishwi: tangu MariaDB 10.4 jedwali la `user` humo si jedwali halisi tena, kulimwagia la zamani ni kuvuruga ruhusa zote. Watumiaji tuliwaumba upya kwa mkono. Ya asili ikazimwa, kopi ikarudishwa kwenye daraja, na Kasulu wakaunganishwa kwa WireGuard (VPN, njia fiche ya kuunganisha mitandao), ambayo imo ndani ya kerneli yenyewe.

Snapushoti zilifutwa baada ya mahesabu ya mwezi kufungwa. Kuzifuta huchukua muda, kwa sababu VirtualBox inayaunganisha mafaili ya tofauti na diski ya msingi, na kazi hiyo inahitaji nafasi ya ziada kwenye kompyuta mwenyeji. Diski ya nje yenye Debian 8 iko kabatini kwa mhasibu, ikiwa na karatasi yenye sha256 yake. Ikihitajika kwa ukaguzi, iwashwe bila kadi ya mtandao.