Moshi wa Udi na Boksi la Inchi 12

Jioni ya kwanza tulipoliwasha, boksi letu la spika ya inchi 12, lililotakiwa lisipitishe hewa, lilipumua. Kila besi ilipopiga lilitoa fff, fff, kama pampu ya baiskeli. Lilikuwa la MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, ya milimita 18, ndani sentimita 38 kwa 38 kwa 30, yaani lita 43 na ushee kabla ya kutoa nafasi inayoliwa na spika yenyewe.

Shaka yote ikaangukia viungo. Ukijumlisha kingo zote 12 kwa ndani unapata sentimita 424, njia ndefu ya hewa kupenya. Ila viungo tulikuwa tumevihangaikia. Ubavu wa MDF uliokatwa hunywa gundi kama mchanga unavyokunywa maji, kwa hiyo mkono wa kwanza ulikuwa gundi nyeupe iliyozimuliwa nusu kwa nusu. Ulipokauka ndipo tukapaka nzito na kukaza skrubu. Matundu ya skrubu yalitangulizwa kwa keekee, maana ubavu huo hupasuka upesi. Pembe za ndani zikapata uji wa gundi na vumbi la mbao.

Mwenzangu akataka tupake silikoni nje, pande zote. Nikakataa. Rangi haishiki juu ya silikoni, na ukiziba usipopajua unapoteza boksi na bado linavuja.

Tukaliingiza chumbani, feni tukazima, tukacheza mlio mzito wa hezi 30, yaani mitetemo 30 kwa sekunde, kwa sauti ndogo na kupitisha kijiti cha udi polepole kando ya kila kiungo. Moshi ulipanda wima kote. Ulipofika kwenye kibati cha kuunganishia nyaya nyuma ukaanza kutetemeka, mara unavutwa, mara unatemwa. Tundu lilitobolewa milimita 10 kwa waya mwembamba, kibati kikawekwa juu yake bila kitu chochote katikati. Pa pili palikuwa chini ya fremu ya spika, kati ya skrubu mbili: msasa ulipita mno, mbao ikabonyea kidogo.

Kwenye tundu tulijaza silikoni kuzunguka waya. Kwenye fremu hapana, kwani koili, waya wa shaba ulioviringwa unaoisukuma spika, ikiungua siku moja utaivunja spika ukiing'oa. Hapo tulizungusha utepe wa sponji wa kuzibia milango, ncha zikigusana barabara, kisha tukakaza skrubu 8 kwa mkingamo kama nati za gurudumu. Lakini hilo lilingoja kesho yake: silikoni ile ilinuka siki, na mvuke wa asidi hiyo haufai kufungiwa ndani pamoja na shaba ya koili. Saa 24 boksi lilikaa wazi. Kabla ya kufunga tukatia sufi, imechambuliwa, haikushindiliwa.

Niliposukuma koni ya spika kwa vidole vya mikono miwili, hewa ilinisukuma nyuma na haikulegea nilipoishikilia. Udi ukapitishwa tena kwenye kibati, mlio ule ule wa hezi 30, na moshi ukapanda moja kwa moja hadi darini.