Nilivyofulia kwenye muziki na bendi ilivyoninyanyua

Wimbo wangu wa kwanza ulitoka 2004 na kwa mwaka mmoja na nusu hivi nlikuwa juu kweli, leo Mwanza kesho Mbeya, watoto mtaani wakiniona wanaimba kiitikio. Nlikuwa na miaka 21. Albamu ilikuwa na nyimbo nane, nikaipeleka kwa msambazaji mmoja Kariakoo, akanipa hela yote kwa mkupuo mmoja, nikasaini karatasi mbili nikamkabidhi masta, yaani ile rekodi halisi ya nyimbo. Sikuzisoma zile karatasi kabisa. Kanda ziliuzwa mpaka mikoani huko na mimi sikuwa na cha kudai maana nlikuwa nimeuza jumla.

2007 albamu ya pili ikagoma. Redio hazipigi, mapromota hawapokei simu, nikahama Sinza nikarudi chumba kimoja Mbagala na mwanangu mdogo, na nikipita nasikia kabisa watu wanasema yule dada amefulia. Miaka mitatu hiyo, sitaki hata kuielezea sana.

Ninachotaka kueleza ni kilichonitoa, maana wengi wananiuliza wakidhani ni kiki au nilipata meneja mzito. Hapana, ni bendi. 2010 rafiki yangu akaniambia kuna bendi inapiga baa moja Kinondoni wanatafuta muimbaji wa kike, nikaenda kifua mbele kabisa, si nina jina bwana. Mpiga solo alikuwa mzee wa Morogoro, amekua na nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, akaniambia haya imba wimbo wako tukusikie. Alafu akauliza, "Unaimba ki gani mwanangu?"

Nikanyamaza. Ki ni ile sauti ya msingi wimbo unapokaa, juu au chini, wapiga vyombo wanaitaja kwa herufi kama G au E. Wimbo wangu mwenyewe, nimeupandisha jukwaani sijui mara ngapi, sijui uko ki gani! Shoo zetu karibu zote zilikuwa CD inapigwa, sauti yangu imo humo humo, mimi naruka na mashabiki naongezea maneno juu. Mzee akaanza na G, nikafika kwenye kiitikio sauti ikakatika. Akashusha nusu, nikakwama tena, akashusha, akashusha, mpaka tulipofika E ndo nikaumaliza wote. Wenzake wanaangaliana, yeye akasema tu, "Studio walikuvuta juu mno, sauti yako inakaa hapa. Njoo kesho saa nane."

Nikaenda kesho yake na kila siku kwa miezi sita. Tatizo langu kubwa lilikuwa pumzi, nlikuwa navuta katikati ya neno, na kila nikifanya hivyo mzee anainua mkono bendi nzima inakata, besi, tumba, kila kitu, tunaanza mwanzo. Kuna siku tulirudia mistari miwili tangu saa nane mpaka magharibi na nikalia pale pale mbele yao. Mpiga besi akaniletea maji, tukaendelea. Usiku naimba zilipendwa, malipo elfu 15 pamoja na hela za kutunzwa, na ile ndo hela iliyomsomesha mwanangu nawaambia ukweli.

Hapo ndo nikaelewa pia kwa nini dada yetu Lady Jaydee kadumu namna ile. Alianza kabla yetu, wengi tuliokuja nyuma yake tukapotea, yeye alikuwa na Machozi Band anaimba laivu na watu wanapiga vyombo, na 2016 akatoka na Ndi Ndi Ndi nchi nzima ikaimba. Mtu anayeweza kusimama na bendi hata redio zikinyamaza bado ana kazi.

Kazi zikaanza kuja, send-off, kitchen party, harusi, sherehe za maofisi. Nikajifunza kudai advansi nusu kabla ya kupanda jukwaani na mkataba nausoma mstari kwa mstari. Baadaye nikampelekea mwanasheria zile karatasi za Kariakoo nlizokuwa nimezitunza kwenye begi miaka yote, akazisoma akaniambia umeuza ile rekodi, utunzi bado ni wako. Jamani nlikaa pale kwenye kiti sina la kusema! Kumbe wimbo ni wangu.

Tukaurekodi upya na bendi nzima, kwenye E, nikausajili Cosota, ile ofisi ya hakimiliki, na 2021, mwaka ule ule Spotify walipofungua Tanzania, nikauweka mtandaoni masta ikiwa mkononi mwangu. Hela yake sio nyingi ila inaingia kwangu.

Mzee bado yupo, vidole vimeanza kumsumbua kwa baridi yabisi lakini solo ya kabla ya kiitikio cha pili hampi mtu. Jumamosi tuna harusi Tabata, bwana harusi ameomba tuanze na wimbo ule.