Nilivyojiwekea akiba ya seli shina

Watu wakisikia upandikizaji wa uloto hudhani lazima apatikane ndugu wa kutoa. Mimi nilijitolea mwenyewe. Nina maieloma, saratani ya uloto, na natibiwa hapa Birmingham. Kwa ugonjwa huu, mara nyingi seli shina za mgonjwa, yaani seli mama zinazozaa chembe za damu, huvunwa na kugandishwa. Ndipo anapewa melfalani, dawa kali inayofagia uloto, kisha anarudishiwa seli zake.

Kwanza nilichomwa filgrastimu kila siku, seli zitoke mifupani ziingie kwenye damu. Kiuno na kifua viliuma hasa. Kwenye mashine, damu inatoka mkono huu, inachujwa, inarudi kwa mkono ule, na unakaa hapo saa nyingi. Midomo ilianza kufa ganzi, kwa sababu dawa ya kuzuia damu isigande hukamata madini ya kalisi. Hapo usijikaze, mwambie nesi mapema. Mimi nilipewa kalisi na hali ikatulia.

Daktari alisema upandikizaji mmoja hutaka angalau seli milioni 2 kwa kila kilo ya uzito. Maieloma ina tabia ya kurudi, basi nikauliza kama tungeweza kuvuna za kutosha upandikizaji wa mara mbili. Zikatosha. Katika maswali yote niliyouliza, hilo ndilo lililonifaa zaidi.

Kugandisha kwenyewe si kutia kwenye friji. Maji ya ndani ya seli yakiganda ovyo huwa vipande vya barafu vinavyoipasua. Kwa hiyo wanachanganya dawa iitwayo DMSO, wanashusha baridi polepole, nyuzi 1 au 2 kwa dakika, kisha mifuko inaingia kwenye tangi la naitrojeni, chini ya nyuzi 150 hasi.

Mama alinipigia kutoka Tanga: "Mwanangu, na wakikosea wakakutia za mtu mwingine?" Nikamweleza kwamba kila mfuko una jina, tarehe ya kuzaliwa na namba, na husomwa na watu wawili mbele yangu. Fomu sikumwambia. Inauliza zitakazobaki zifanyweje ukifa: zitupwe au zipelekwe kwenye utafiti? Niliijaza na mke wangu, na usiku ule hatukuzungumza sana.

Wakati wa melfalani nilimumunya barafu mfululizo ili kinywa kisitoke vidonda. Siku ya kurudishiwa, mifuko iliyeyushwa kwenye maji ya nyuzi 37, ikaingizwa mshipani upesi, maana DMSO ikipata joto huzidhuru seli. Koo liliwasha. Mke wangu alisema chumba kizima kinanuka kitunguu saumu. Harufu hiyo hutoka na pumzi, ikaisha baada ya siku chache.

Wiki ya pili chembe nyeupe zikaanza kupanda. Mifuko iliyobaki ingali kwenye tangi, na kila kliniki wananipima protini ya ugonjwa. Ikipanda, tunajua pa kuanzia.