Mtu wa Nane

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimeshindwa kusali vizuri, na chanzo ni daftari. Ni lile la msiba wa mama, ambalo mpwa wangu alikaa nalo mlangoni siku nne akiandika kila aliyeleta rambirambi. Jumatatu asubuhi, habari zilipokuja kwamba jirani wa geti jeusi amefiwa na mumewe, nilifungua kabati, nikalitoa, nikaanza kumtafuta humo. Ukurasa wa kwanza hayumo. Wa tano hayumo. Nikafika mwisho. Hakuleta hata mia, wala mguu wake hatukuuona.

Kwenye grupu la mtaa mtu alikuwa ameshaandika, "Asiyezika hazikwi." Nami nikaweka dole. Mimi ninayewaandikia tafakari.

Nikajitetea kwa maneno ya wazee: leo kwangu, kesho kwako. Na maneno hayo siyakatai hata sasa. Wazee wetu hawakuona aibu kusema kwamba amsaidiaye mwenzake anajisaidia. Babu yangu alipoita watu wa ujima, shamba lililomlaza mgongo wiki nzima lilikwisha kabla jua halijawa kali, na alijua kabisa kwamba Jumamosi inayofuata jembe lake liko kwa mwingine. "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hebu tusikilize vizuri: anayepona hapo ni mwenye nyumba. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya ujamaa mwaka 1962 alisema kwamba zamani tuliitunza jumuiya, nayo jumuiya ikatutunza. Humo humo akaikumbuka ile ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku hizi tunaisema kwa kumfukuza mtu, lakini mimi naona aliyepewa jembe ameshahesabiwa wa nyumbani. Na John Mbiti, kasisi wa Kianglikana kutoka Kenya, aliliweka mwaka 1969 kwa maneno machache: nipo kwa sababu tupo.

Maandiko nayo hayaogopi hesabu hiyo. Mhubiri 11 inasema tutupe chakula usoni pa maji, maana tutakiona baada ya siku nyingi. Tuwagawie watu saba, hata wanane, kwa maana hatujui baya gani litakalokuwa juu ya nchi. Sababu anayotoa ni hiyo tu, kwamba hatujui. Paulo pia aliwaambia Wakorintho kwamba wingi wao wa sasa ufae upungufu wa wenzao, ili siku nyingine wingi wa wenzao uwafae wao.

Lakini Jumatatu usiku nilikwama kwenye hiyo namba. Saba nawajua, wote wamo daftarini. Wa nane ni nani?

Nikalifungua tena daftari, sasa bila hasira, na kwenye ukurasa wa tatu nikaona mstari ambao asubuhi jicho langu lilikuwa limeuruka: "Dada wa mkaa, nusu gunia, hakutaja jina." Wapendwa, nililia. Mnaokumbuka msiba ule mnakumbuka mvua. Kuni zote zililowa, moshi ukajaa uani, mchele ukiwa umelowekwa na hakuna moto wa kuupika. Akaja dada mmoja, kanga kichwani, kiroba cha mkaa begani, akakitua jikoni, akasema "poleni" na kuondoka. Hadi leo hakuna anayemjua. Sijawahi kwenda msibani kwake na sitakwenda kamwe. Deni lake siwezi kumlipa yeye. Nikimlipa mtu, itakuwa ni mtu mwingine.

Jumanne nilikwenda kwenye geti jeusi. Chini ya turubai palikuwa na viti sita vya plastiki, vitatu vikiwa vitupu. Mfiwa mwenyewe alikuwa uani, amechuchumaa mbele ya beseni, anaosha vikombe vya chai ya wageni. Mfiwa! Mikono yake ina povu hadi kwenye viwiko, na mumewe hajazikwa. Nilimshika bega, nikamnyanyua, nikakaa mimi kwenye beseni. Baada ya muda akaniambia kwa sauti ndogo, "Dada, kwenye msiba wa mama yako nilifika hadi kwenye kona. Nikaona lile daftari mlangoni. Sikuwa na kitu, nikarudi."

Nimeishi na sentensi hiyo tangu Jumanne. Daftari nililomtafutia hatia ndilo lililomfukuza.

Basi niseme kwa uchungu, nikianza na nafsi yangu. Tumeufanya msiba uwe na kiingilio. Tumechukua busara iliyokuwa pana kama shamba la babu, tukaikata hadi ikatoshea kwenye mistari ya daftari, jina na kiasi. Kuandika si dhambi. Familia inapaswa kujua cha kushukuru. Dhambi ni kulifungua siku ya kilio cha mwenzako ili uamue kama utavaa viatu au utabaki nyumbani. Wewe uliyesema "hakuchanga, tusimchangie", je, umeuliza kwa nini hakuchanga? Na unajuaje kwamba siku yako atakayekuokoa yumo kwenye orodha yako? Mjane wa Sarepta alikuwa na unga wa mlo mmoja, na aliyemwomba alikuwa mgeni wa nchi nyingine, hana cha kurudisha mkononi. Angefungua daftari, Eliya asingekuwamo, na pipa lake lingekwisha jioni ile ile.

Dole langu nimeliondoa kwenye grupu na nimeomba radhi pale pale, mbele ya wote walioliona.

Jumuiya ya wiki hii tutasalia geti jeusi, si kwangu kama ilivyopangwa. Jumamosi wanaanua tanga, na maji mtaani hayatoki tangu Ijumaa. Mwenye ndoo aje na ndoo. Asiye na kitu aje hivyo hivyo, vikombe ni vingi, na mlangoni hapatakuwa na meza.