Nilivyoifundisha bondi ya urani na rodiamu kwa vipande vya manila

Swali lilitoka dawati la nyuma, kidato cha sita, hapa Moshi, kengele ikikaribia kulia: "Madamu, metali mbili zisizofanana zinaweza kushikana zenyewe ndani ya molekuli?" Nilikuwa nimetoka kuchora bahari ya elektroni, ule mchoro wa elektroni huru zinazoshikilia atomi za kipande cha metali, na bahari ile haikumjibu. Nikamwomba anipe siku chache.

Nilianza vibaya. Nilijaza kurasa kwa mpangilio wa elektroni za urani, 5f³ 6d¹ 7s², wiki ikaisha sijapata pa kumshikia mtoto. Kilichonikwamua ni namba moja. Mwaka 2019 wanakemia walitangaza molekuli yenye kundi la metali ambamo urani, mmoja wa aktinidi (safu ya metali nzito chini kabisa ya jedwali la elementi), imeshikana na rodiamu, metali ya mpito, yaani ya kundi la katikati ya jedwali hilo, kwa bondi tatu, yaani mshiko wa mara tatu kati ya atomi mbili. Fuwele yake ilipopigwa eksirei, umbali kati ya atomi hizo ulikuwa angstromu 2.31. Angstromu ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni kumi. Mimi nikaifanya sentimita kumi, nikachukua manila, rula na mkasi.

Kipande cha kwanza nilikikata sm 29.5, urefu unaotarajiwa kama bondi ni moja. Cha pili sm 22.4, kama ni tatu. Cha tatu sm 23.1, kilichopimwa kweli. Nikavibandika ubaoni vikianzia mstari mmoja, nikanyamaza. Darasa likaona lenyewe: cha tatu kimekizidi cha pili kwa upana wa ukucha, cha kwanza kimeviacha mbali vyote viwili.

Hapo ndipo niliporudi kwenye elektroni, kwa Kiswahili kitupu. Katika bondi ya kwanza kila atomi inachangia elektroni moja. Katika mbili zilizobaki, rodiamu inaleta jozi nzima na urani inatoa nafasi tupu kwenye obitali zake, yaani vyumba vya elektroni ndani ya atomi. Niliwaambia wazi kwamba hili la mchango limetoka kwenye hesabu za kompyuta, si kwenye rula. Naona ni haki mwanafunzi ajue kipi kimepimwa na kipi kimekokotolewa.

"Na urani ya Namtumbo, Madamu?"

"Atomi ni ile ile, namba 92. Kule ardhini imeshikana na oksijeni."

Akainuka na rula yake, akaenda ubaoni kupima ile milimita saba mwenyewe.