Kimea cha mtama, uwele na ulezi: ninavyokitengeneza kwa bia ya nyumbani Dodoma

Ladha ya bia huanzia kwenye kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kisha kukaushwa, kabla hujagusa hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) wala hamira. Waingereza bado wanaithamini Maris Otter, shayiri iliyozalishwa Cambridge miaka ya 1960, kwa sababu kimea chake kina ladha nzito inayokaribia biskuti. Wajerumani wana kimea cha Munich, kinachokaushwa kwa moto mkali kiasi cha kunukia ganda la mkate, lakini si mkali wa kuua vimeng'enya vyote, yaani vile vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Dodoma tuna mtama, uwele na ulezi, na kila nafaka ina tabia yake.

Mtama mweupe, kwa mfano aina ya Macia, unatoa bia nyepesi isiyo na harufu kali, kwa hiyo ndio ninaoujaza kwa wingi. Uwele una harufu nzito ya karanga na udongo. Ukizidi robo ya kimea chote unafunika kila kitu. Ulezi una utamu, rangi na nguvu nzuri ya kugeuza wanga kuwa sukari. Kwa lita 20 natumia kilo 3 za kimea cha mtama, kilo 1 ya kimea cha ulezi na kilo 1 ya kimea cha mtama kilichokaangwa. Kwenye mtama mwekundu nakuwa makini: navunja punje na kukwangua ganda. Nikikuta tabaka jeusijeusi chini yake, nauacha, maana tanini iliyomo inafunga vimeng'enya na kuacha ukakasi mdomoni.

Nanunua nafaka ya chakula, soko la Majengo au la Kibaigwa, iliyokaa mwezi au miwili baada ya mavuno. Mbegu ya duka la pembejeo iliyopakwa dawa ya rangi usiiguse kabisa, ni sumu. Kabla ya kuloweka mzigo wote naotesha punje 100 kwenye kitambaa kibichi; zikiota chini ya 90, natafuta nafaka nyingine, kwa sababu punje mfu huoza na kualika ukungu.

Naloweka saa 18 hadi 24, nikibadilisha maji kila baada ya saa 6 na kuiacha nafaka ipumue saa 1 bila maji kila ninapobadilisha. Kisha naitandaza kivulini kwenye gunia safi, unene wa sentimita 5, naifunika, nainyunyizia maji na kuigeuza asubuhi na jioni. Rundo nene linapata joto katikati na kuchacha. Mtama huchukua siku 4 au 5, uwele na ulezi karibu 3. Harufu iwe ya tango bichi; ikigeuka ya uvundo, au ukiona ukungu wa kijani au mweusi, mwaga.

Hewa kavu ya Dodoma ni msaada mkubwa wakati wa kuanika. Natandaza nyembamba ili ikauke haraka bila joto kupita nyuzi 50, halafu nasugua machipukizi na mizizi na kupepeta. Kwa mtama hatua hii ni ya lazima: chipukizi lake lina kiini kinachozaa sianidi. Ndiyo maana pia nachemsha sufuria likiwa wazi. Sehemu ya kukaanga naitoa ikiwa bado na unyevu kidogo, naikoroga kikaangoni kwa moto mdogo hadi inukie ganda la mkate. Haina tena vimeng'enya, kwa hiyo haizidi moja ya tano.

Hapa kwenye kupika ndipo wengi wanaharibikiwa, kwa kuupika mtama kama shayiri. Wanga wa shayiri unalainika kwenye nyuzi 60 na kitu, wa mtama unataka karibu 70 hadi 78, na joto hilo linaua vimeng'enya vinavyotakiwa kuugeuza. Kwa hiyo nautenganisha. Kimea kilichosagwa chengachenga nakichanganya na lita 15 za maji, nakishikilia kwenye nyuzi 50 kwa dakika 40, kisha nakiacha kitulie. Lita 5 za maji ya juu, yenye vimeng'enya, nachota na kuweka pembeni. Uji unaobaki nauchemsha nusu saa nikikoroga hadi chini usiungue. Kwa mwinuko wetu maji yanachemka karibu nyuzi 96, na inatosha. Ukipoa kiasi cha mchanganyiko kutua kwenye 65, narudisha yale maji na kufunika kwa blanketi saa 1 na nusu. Tone la ayodini ya duka la dawa, ukilitia kwenye kijiko cha mchanganyiko huo, likigeuka bluu iliyokolea, wanga bado upo, ongeza muda.

Mtama hauna maganda ya kuchujia, hivyo nachanganya pumba za mpunga zilizooshwa, nusu kilo, kabla ya kumimina kwenye mfuko wa kitambaa. Maji ya kisima yenye chokaa nayachemsha usiku, asubuhi natumia ya juu tu, chokaa inabaki chini.

Baada ya kuchuja nasuuza makapi kwa maji ya moto hadi nipate ya kutosha lita 20, nachemsha saa 1 na hopsi, napoza na kutia hamira ya bia kwenye nyuzi 18 hadi 22. Mchana wa joto, ndoo ikikaa kwenye beseni la maji na kufungwa kitambaa kibichi, inashuka nyuzi kadhaa. Kipimo cha haidromita, kifaa kinachoonyesha sukari iliyobaki, kikibaki palepale siku 3 mfululizo, naweka gramu 6 za sukari kwa kila lita na kujaza chupa. Ukiwahi, chupa hupasuka.